Abiria Tuliyempakia Mtoni

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, tena mchana kweupe, mbele ya wenzangu watatu. Wawili kati yao wako hai mpaka leo. Ukiwauliza, mmoja atakwambia ni kweli tupu, na mwingine atacheka na kukuuliza habari za mpira. Usiponiamini sitakasirika. Kama nisingekuwapo, hata mimi ningesema huyu mama anaota. Lakini nilikuwapo, na mkono wangu huu wa kushoto ulikuwapo.

Wakati huo nilikuwa binti, nashona kwenye ushirika mmoja wa maturubai hapa hapa Kariakoo. Kilikuwa chumba kirefu, cherehani zimepangwa kushoto na kulia, bati juu, na joto lake usiseme. Tulishona maturubai ya malori, mahema, na mifuko ya kubebea pamba. Enzi zile kila mtu alikuwa ndugu. Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, hata yule aliyekuwa akikudokolea uzi wako naye alikuwa ndugu.

Cherehani ya pembeni yangu ilikuwa ya Asumini, rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa madrasa. Meza ya kukatia ilikuwa ya Salum, kijana wa Kiarabu ambaye baba yake alikuwa na duka la vyombo mtaa wa pili. Salum alikuwa mcheshi kupita kiasi, na alimpenda Asumini. Sisi wote tulijua, asiyejua alikuwa baba yake tu. Na alikuwapo Pius, mtu mzima kidogo kwetu, Mngoni wa Songea, kazi yake kutia kamba kwenye pindo za maturubai. Pius ndiye aliyeleta habari ya mto.

Siku moja tunakula mihogo ya mchana, akasema, "Nyie watu wa pwani mnapenda maji yaliyolala. Maji yanayokimbia mnayaogopa."

Salum akamwambia, "Maji yanayokimbia yanakimbia nini, kaka?"

Basi Pius akaanza kutueleza jinsi walivyokuwa wakifanya utotoni kwao. Walifunga mianzi kwa kamba, wakapata chelezo, wakakaa juu yake na kuteremka mtoni penye mawe na mapovu, wanapiga kelele mpaka sauti inakauka. Alisema hakuna furaha duniani inayoizidi ile. Mtu anateremka, moyo wake unabaki nyuma, halafu unakuja kumkuta mbele. Tulimsikiliza mpaka mihogo ikapoa.

Haikupita muda mrefu tukapata kazi ya kupeleka maturubai kwenye kijiji kimoja cha ujamaa kule juu, Mto Ruvu unaposhuka kutoka milima ya Uluguru. Kesho yake ilikuwa sikukuu. Tukamwomba Mwenyekiti turuhusiwe kwenda na lori, tushushe mzigo, tulale huko, tucheze mtoni asubuhi, turudi mjini jioni. Akakubali, ila akasema mtu akifa maji asimletee kesi. Salum akachukua vipande vya turubai vilivyobaki, tukashona majaketi, tukayashindilia sufi, kwa sababu sufi haizami upesi. Tulicheka sana siku tuliyoyajaribu. Asumini alionekana kama mto wa kulalia wenye miguu.

Asubuhi ile mtoni naikumbuka mpaka harufu yake. Pius na vijana wa kijiji walikuwa wameshafunga chelezo: mianzi juu, mapipa matupu chini, na mipira ya ndani ya matairi ya lori pembeni. Dereva alikwenda na lori kutusubiri darajani, chini huko. Sisi wanne tukapanda. Pius nyuma na mti mrefu wa kusukumia, Salum mbele na kafi, mimi na Asumini katikati tumeshikilia kamba.

Niamini, mwanzo wake ulikuwa furaha tupu. Mto ulitudaka kama mtu anayedaka mtoto. Maji meupe, mawe meusi, chelezo kinainuka, kinadondoka, tunalowa mpaka masikioni. Asumini alikuwa anamtaja Mungu na kucheka kwa pamoja. Salum akapoteza kofia yake, akaipungia mkono wa kwaheri. Pius alikuwa akipiga kelele huko nyuma kwa Kingoni, na usoni alikuwa mtoto. Nilielewa alichokuwa anatueleza.

Halafu mto ukapinda, na maji yakatulia.

Sijui nikuelezeje utulivu ule. Kelele za maporomoko zilikatika kama mtu amefunga mlango. Mbele yetu palikuwa na maji mapana, ya kijani, hayana hata kiwimbi. Mianzi imeinama kutoka kingo zote mbili, imekutana juu, na katikati yake ukungu mwembamba ulining'inia, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Chelezo kilisogea polepole sana. Nilimwona ndege mmoja akipiga mbawa zake moja moja, kana kwamba anafikiri kwanza. Mwili wangu ukalegea, ule ulegevu wa mtu aliyeshiba wali saa nane mchana. Nilitaka kumwambia Asumini jambo, nikalisahau kabla sijafungua kinywa. Wote tulinyamaza. Hata Salum.

Katikati ya maji yale palikuwa na jiwe bapa, na juu ya jiwe amesimama mwanamke.

Hakuwa mtu wa kule, wala hukuhitaji kuambiwa. Alikuwa amevaa kanga jozi, moja kiunoni na moja mabegani, mpya, bado zina ule ukakamavu wa dukani. Nywele amesuka vizuri. Kwenye kwapa amebana kikapu cha ukili. Kule kote maji, ukungu, umande, na yeye alikuwa mkavu. Ungesema ametoka nyumbani muda huo huo kwenda sokoni.

"Hodi jamani," akasema.

Salum akazinduka. Wewe unamjua kijana mcheshi, hawezi kumwona dada amesimama asiseme neno. "Karibu dada. Chombo ni cha ushirika, hakina nauli."

"Salum, nyamaza," Pius akamwambia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mnaenda wapi?" mwanamke akauliza.

"Kariakoo," Salum akajibu. Alikuwa anatania. Mto ule mpaka uote mbawa ndipo ufike Kariakoo.

Mwanamke akafumba macho. "Alhamdulillahi. Nami naenda huko huko."

Sasa sikiliza vizuri. Sikumwona akiruka, wala sikumwona akinyanyua mguu. Nilichojua ni kwamba ameketi pembeni yangu, kikapu mapajani. Na chelezo hakikutikisika. Asumini akijikuna tu kilikuwa kinayumba, lakini huyu mtu mzima aliingia, na mapipa hayakuzama hata upana wa kucha. Nililiona hilo. Mbona sikuogopa? Nimejiuliza miaka yote. Wewe ukiwa ndotoni na marehemu bibi yako akakupa chai, huwa unaogopa? Unapokea kikombe.

Alinukia maganda ya machungwa. Nikajaribu kusoma maandishi ya kanga yake, kama tunavyofanya sisi wanawake, lakini kila nilipofika mwisho wa neno, mwanzo wake ulikuwa umebadilika.

"Wewe ni wa Kariakoo kweli?" akaniuliza.

"Nimezaliwa huko."

"Kichwele bado kuna yule anayeuza kahawa pale kona?"

Nikafikiri kidogo. Jina hilo nililisikia kwa wazee tu. "Kichwele siku hizi wanaita Mtaa wa Uhuru, dada."

"Uhuru? Uhuru gani?"

"Tulipata uhuru. Zamani, mimi nikiwa mdogo."

Akatazama maji. "Na mimi sikuambiwa," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyekosa harusi ya jirani. "Na soko je? Bado liko na lile banda la bati?"

"Banda lilivunjwa. Wamejenga jipya, kubwa, la zege. Lina nguzo kama uyoga, na chini ya ardhi kuna soko jingine."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nimeona watu wakipewa habari za msiba, na uso ulikuwa ule ule. Alishika kikapu kwa mikono miwili.

"Mimi njia ya kwetu naijua kwa kuanzia banda," akasema. "Natoka mlango wa upande wa ndizi, nanyoosha. Sasa nitaanzia wapi? Mama nilimwambia nitarudi kabla ya magharibi. Nimekaa hapo jiweni nasubiri watu wa kwetu wapite, kumbe hata wakipita sitafika?"

Nilimwonea huruma, wallahi. Nilikuwa binti wa watu, nimefundishwa kwamba mgeni akipotea humwonyeshi njia kwa kidole, unamshika mkono. Nikasema, "Usijali, dada. Nitakupeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwenu."

Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Umesema?"

"Nimesema."

Akanishika mkono hapa, juu kidogo ya kiganja. Vidole vyake vilikuwa na baridi ya maji ya mtungi. Nikasikia nyuma yangu Pius anasema, "Mama yangu weee," na hapo hapo mlango wa kelele ukafunguliwa tena.

Maporomoko ya pili yalikuwa makubwa kuliko yote. Hatukujiandaa. Chelezo kiliingia upande upande, pipa likagonga jiwe, kamba ikakatika, na mimi nikawa ndani ya maji.

Watu huniuliza kuzama kukoje. Kwangu kulikuwa kimya. Niliteremka, nikateremka, na maji yalikuwa ya kijani, na mwanga ulikuwa unakuja kutoka pembeni kama unavyoingia dirishani asubuhi. Kisha nikaona machungwa. Mengi. Yalikuwa yanapita mbele ya macho yangu, yanabingirika taratibu, moja nyuma ya jingine, kama yanayoteremka barabarani baada ya mkokoteni kupinduka. Nikanyoosha mkono nishike moja. Nilikuwa nimeshasahau kupumua, na sikuona shida. Nadhani kama ningeachwa muda kidogo tu ningekaa huko.

Mkono ukanivuta. Nikasikia sauti sikioni, safi, kama tuko chumbani sisi wawili. "Umesema utanipeleka."

Nilipofumbua macho nilikuwa juu ya chelezo, nimelala kifudifudi, natapika mto. Asumini analia. Jaketi langu la sufi lilikuwa limenivuka mwilini na kuelea peke yake, nao walidhani nimekwisha. Salum aliniambia baadaye kwamba nilikaa chini muda ambao mtu hakai.

"Yule dada yuko wapi?" Asumini akauliza.

"Dada gani?" Salum akasema. Alikuwa anapiga kafi bila kugeuka.

"Tufike nchi kavu kwanza," akasema Pius. "Msimtaje."

Tulifika darajani. Dereva akatusaidia kupanda, akatutania kwamba tumekuwa kama kuku walionyeshewa, akaona hatucheki. Nikatazama mkono wangu. Paliposhikwa palikuwa peupe, ngozi imejikunja, mfano wa vidole vya mtu aliyefua kutwa nzima. Alama ya vidole, si ya kamba.

Njiani Asumini alilala begani kwa Salum, wala hawakujali nani anawaona. Pius akaja kukaa karibu yangu nyuma ya lori. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile yalimtoka kwa shida.

"Ulimwambia utampeleka?"

"Nilimwambia."

"Basi mpeleke."

"Nitampelekaje, kaka? Hayupo."

Pius akanusa hewa. Nami nikanusa. Lori lilikuwa limebeba watu waliolowa na vipande vya turubai, hakukuwa na tunda hata moja, lakini nyuma kote kulinukia machungwa. "Mimi mambo haya siyajui," akasema. "Sikufundishwa. Ninachojua umempa mtu neno lako na amekuokoa kwa ajili ya hilo neno. Usipompeleka, atakaa wapi? Atakaa kwako." Akahama, akaenda kukaa upande wa pili. Sikumlaumu.

Lori lilitushusha Mnazi Mmoja, jua linazama. Wenzangu walitawanyika haraka. Nilibaki peke yangu, watu wanapita kutoka kazini, mbio mbio kama kawaida, wengine na vikapu, wengine na baiskeli. Nikahisi baridi ile mkononi. Sikugeuka. Hakuna aliyenikataza, ila shingo yangu ilikataa yenyewe.

Nikasema taratibu, kama ninavyosema na wewe, "Haya dada. Hapa ni Mnazi Mmoja."

Sauti nyuma yangu ikasema, "Hapa napajua."

Tukaanza kutembea. Nilikuwa namwongoza kama mtu anavyomwongoza kipofu, namtajia kila kitu. Nilisema hapa tunavuka barabara, hapa kulia pamejengwa duka la ushirika, hapa tunaingia Mkunguni. Yeye akajibu, hapa palikuwa na kisima, hapa alikaa fundi viatu mwenye mguu mmoja, hapa nilianguka na sinia la maandazi nikiwa mdogo. Watu walitupisha. Sijui waliona nini. Mchukuzi mmoja mwenye gunia kichwani, na hao hata Rais hawampishi, alisimama kando akaniangalia nikipita, akashusha macho.

Tukafika sokoni. Soko lilikuwa linafungwa, taa zinawashwa, na zege lile limesimama juu yetu. Nilihisi mkono ule unanibana mpaka mfupa.

"Ni kubwa," akasema.

"Ni kubwa, lakini udongo ni ule ule. Fikiria mlango wa ndizi. Ulikuwa wapi?"

Akavuta pumzi, ikiwa watu kama yeye huvuta pumzi. "Ulitazama huko linakozama jua."

Tukalizunguka soko, tukalipa mgongo, tukanyoosha kuelekea jua. Sasa yeye ndiye aliyekuwa ananiongoza mimi, kwa kunisukuma kidogo. Adhana ilianza msikiti mmoja, ukadaka mwingine. Tukaingia kichochoro, tukatoka mtaani, na pale akasimama. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyopigwa chokaa, baraza mbele, na bibi mmoja mnene ameketi barazani anamalizia kuchambua mchele kwenye ungo, taa ya chemli pembeni yake.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Unamtafuta nani?"

Ningemjibu nini? Ningemwambia nimemletea mtu kutoka Ruvu? Hapo ndipo woga wote wa siku ile ulipokuja kwa pamoja, nikashika nguzo ya baraza. Bibi akaniangalia, akataka kuinuka anishike. Kisha macho yake yakapita juu ya bega langu.

Mikono yake ikatulia ndani ya mchele. Nilitegemea atapiga ukelele. Wewe je, usingepiga? Badala yake akasema kwa sauti ya mama yeyote wa Kariakoo aliyechukia:

"Wewe Mwanaidi. Magharibi yako ndiyo hii?"

"Nisamehe, mama," ikasema sauti nyuma yangu. "Maji yalijaa."

"Na machungwa?"

"Yamekwenda."

"Yaende zake." Sasa sauti ya bibi ilikuwa inakatika. "Yaende zake, mwanangu. Ingia ule. Umechelewa, chakula kimepoa."

Mkono ukaniachia. Kitu cha baridi kikanipita ubavuni, na pazia la mlangoni likafunguka, likajifunga. Bibi akainuka na ungo wake, akanishika kichwa kwa mkono wenye vumbi la mchele, akasema, "Mungu akulipe. Kesho upite." Akaingia, nikasikia komeo.

Sikulala usiku ule, nadhani unaelewa. Kesho yake nilikwenda. Nilikutana kwanza na jirani bombani, nikamuuliza nyumba ile ni ya nani. Akaniambia ni ya Bi Tatu. Alikuwa na binti mmoja tu, Mwanaidi, mfanyabiashara wa machungwa. Zamani, kabla ya Uhuru, alikwenda kununua matunda Uluguru, akavuka Ruvu kwa mtumbwi siku ya mafuriko, na hawakumpata yeye wala waliokuwa naye. Tangu siku hiyo Bi Tatu hakukubali kufanyiwa matanga. Kila magharibi alikaa barazani. "Leo lakini," jirani akasema, "ameamka na furaha, anaimba. Sijui ana nini."

Bi Tatu alinikaribisha chai na vitumbua. Nilipotaka kusema akaweka kidole mdomoni. "Taratibu. Amelala."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Niliona kitanda cha kamba, chandarua kimeshushwa, shuka jipya. Hapakuwa na mtu. Lakini kamba za kitanda zilikuwa zimebonyea katikati, kama zinavyobonyea mtu anapolala ubavu. Nilimaliza kitumbua changu nikiwa nimesimama.

Bi Tatu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipika chakula cha watu wawili, alinunua kanga jozi mbili kila Idi, na mtaa mzima ulisema amerukwa na akili. Ila kila mtu alikubali kwamba mwendawazimu yule alikuwa mwenye raha kuliko wao. Siku ya mazishi yake, wanaume walipolitoa jeneza, mimi nilikuwa uani na wanawake wengine. Nikasikia harufu ile. Mkono wangu ukashikwa, safari hii kwa upole, kisha ukaachiwa. Sijawahi kumsikia tena.

Salum alimwoa Asumini baada ya ugomvi mrefu na baba yake. Wana wajukuu sasa. Asumini atakwambia kila nilichokwambia, na Salum ndiye yule atakayekuuliza habari za mpira. Pius aliacha kazi mwezi ule ule, akarudi Songea, akafia huko. Nasikia mtoni hakukanyaga tena.

Ungedhani yameishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Jioni moja natoka kazini, kijana mmoja aliyevaa kaptura ya kikoloni akanisimamisha. Mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli na yeye alikuwa mkavu. Akaniuliza, "Dada, nimeambiwa wewe unapajua. Nyumba ya Mzee Feruzi, karibu na banda la soko?" Nimeambiwa! Na nani? Nilimpeleka. Ilinichukua muda, kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa imeshavunjwa, lakini mjukuu wa Mzee Feruzi alikuwa anaishi uani, na mjukuu huyo alipomwona yule kijana akafurahi. Baadaye akaja mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Baadaye wazee wawili waliokuwa wanabishana. Huja wakati wa magharibi, wala si wengi, na hawana ubaya. Wamepotea tu. Na Kariakoo ya leo ni mtu gani asiyepotea? Ghorofa juu ya ghorofa, nyumba uliyoiacha jana leo ni shimo la msingi. Wanasimama katikati ya umati huu wa simu na mikokoteni, wanatafuta mlango ambao umekuwa duka la viatu.

Wanangu wamejenga Mbezi, nyumba nzuri yenye bustani. Wananisihi nihamie. Wanasema mama unang'ang'ania chumba kimoja cha nini? Nawaambia nimezoea. Nitawaambia nini kingine? Nikihama, hawa watamuuliza nani?

Kwa hiyo na wewe sikiliza. Ukipita mitaa hii jioni, ukaulizwa njia na mtu nadhifu, mkavu kwenye mvua, anayekutajia mahali usipopajua, usikimbie, maana utamtia aibu. Mwambie kwa heshima kwamba hupajui. Wanakubali, watamsubiri mwingine. Lakini chunga ulimi wako usimwambie, njoo nitakupeleka, halafu ukapanda basi lako ukaenda zako. Yule hana basi. Neno lako ndilo chombo chake, na atakaa ndani yake mpaka ufike naye anakokwenda, hata ikiwa ni miaka. Nimemwona mtu mmoja aliyefanya hivyo, kijana wa duka la simu. Sasa hivi hakai penye watu, na ukimsogelea unamsikia akitaja majina ya mitaa, moja baada ya jingine, akiyakosea.

Kama huruma itakuzidi nguvu, mlete kwangu. Mimi nakaa barazani kila siku kuanzia alasiri, na siingii ndani mpaka isha ipite.